Hondohondo wa Kibwezi na Kamera ya Kumfikia



Wasomaji wapenzi, juma hili naweka kando mambo ya jikoni na ya ulezi ili nijibu swali la kamera. Limenijia mara nyingi kutoka kwa mabinti wanaotaka kuanza kazi ya picha, nami nimekuwa nikilijibu kwa maneno mawili matatu mlangoni. Safari hii limetoka ndani ya nyumba yetu, na fedha zilizomo ni za jasho, kwa hiyo sikuweza kulijibu kwa haraka.

Binti wa kaka yangu ni mwalimu wa sekondari huko Kibwezi, kaunti ya Makueni. Jumamosi moja alinipigia simu. Baada ya shikamoo na kuulizana hali za wazee, alisema, "Shangazi, zamu yangu ya chama imefika. Nataka kununua kamera, lakini Baba amesema nisitoe hata senti mpaka wewe uridhie." Kaka yangu hunipa madaraka haya kwa sababu kwa miaka mingi nimekula kwa kamera: mimi hupiga picha za kupamba, katika kumbi ambazo mwanamume haingii. Ila bintiye hakutaka kamera ya bibi harusi. Alitaka kamera ya kumpiga picha hondohondo.

Sitaingia hapa katika hitilafu ya wanavyuoni juu ya picha za viumbe. Kila nyumba ina shekhe wake wa kumuuliza. Naandika kwa wale ambao kwao picha ya kamera haina mushkili.

Nyuma ya nyumba za walimu kuna mbuyu mkongwe, na katika tundu la mbuyu huo hondohondo wawili wamefanya kiota. Ni wale ambao vitabu huwaita kwa jina la Von der Decken, Mjerumani aliyezuru nyika zetu na kuuawa huko Bardera, nchi ya Wasomali, mwaka 1865. Ndege huyu ana urefu wa sentimita 45 hivi, mweusi mgongoni na mweupe tumboni. Dume ana mdomo mwekundu wenye ncha ya manjano. Wa jike ni mweusi. Mvua zikishika, jike huingia katika tundu la mti, na mlango ukazibwa kwa udongo na kinyesi mpaka ukabaki ufa mwembamba tu. Humo ndani hutaga, huatamia, na manyoya yake ya kurukia humwanguka yote, akawa hawezi kuruka hata akitaka. Riziki yake na ya makinda humjia kwa dume, anayekwenda na kurudi kutwa nzima na panzi mdomoni. Makinda wakikua kiasi, mama huubomoa ukuta akatoka kwenda kusaidia kutafuta, na wao huuziba tena kutoka ndani. Nilipomsimulia haya mkwe wangu, aliyekuwa hajamaliza arubaini yake, alicheka akasema kumbe hata ndege hulishwa ndani.

Sasa, binti alianza kwa kukaa hatua ishirini kutoka kwenye mbuyu. Dume alikuja na panzi wake, akamwona, akatua mti wa pili na kungoja. Akangoja nusu saa. Jike mle ndani hana pa kwenda. Kila dakika dume anayokaa mti wa pili ni dakika ya njaa ndani ya mbuyu. Binti akaona haya, akarudi nyuma kidogo kidogo siku baada ya siku, mpaka alipofika mita 45 dume akaacha kumjali na kuendelea na kazi yake. Basi umbali ule uliwekwa na hondohondo. Simu yake, kutoka hapo, ilitoa picha ya mbuyu mzuri wenye kidoa cheusi.

Nasema haya kwa urefu kwa sababu wauza kamera wengi, na hata wapiga picha, hupenda kusema, "Sogea karibu." Ni nasaha njema pale ambapo kusogea hakumdhuru mtu. Kwa hondohondo aliyefungiwa, au kwa ndovu wa Tsavo anayevuka mashamba ya upande wa Mtito Andei, kusogea hakumo. Masafa yamekwisha kuamuliwa, na swali linabaki moja: fedha hizi za chama zitumike namna gani ili kitu kilichoko mita 45 kionekane manyoya yake?

Alipokuja Mombasa kwa likizo binti aliingia duka moja la kamera, nisilolitaja. Muuzaji alimweleza kwamba ziko kamera za namna mbili. Iko "fulifremu", ambayo ndiyo ya mafundi, na iko "kropu", ambayo ni ya wanaojifunza, ila huvuta vitu karibu mara moja na nusu. Akamshauri achukue fulifremu, na kwa kuwa fedha hazikutosha hata kwa bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, akamwonyesha jinsi ya kukopa kwa simu. Mkopo wa riba! Alhamdulillahi, mtoto alifunga mkoba akaondoka.

Tuanze na hayo majina. Nyuma ya lenzi, mahali ilipokuwa ikikaa filamu zamani, kuna kibamba kinachopokea mwanga. Nitakiita kihisi. (Wengine husema "sensa", lakini kwa Kiswahili hiyo ni hesabu ya watu, na hatutaki kuchanganya.) Kihisi kikubwa, cha hiyo fulifremu, kina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Kihisi kidogo katika kamera za Nikon, Sony na Fujifilm kina milimita 23.5 kwa 15.6 hivi; cha Canon ni kidogo zaidi, kama 22.3 kwa 14.9. Gawanya 36 kwa 23.5 utaipata ile moja na nusu ya muuzaji. Kwa Canon ni 1.6.

Neno "kamili" lisimtishe mtu. Kipimo cha 36 kwa 24 hakikushuka kutoka popote. Fundi mmoja wa Ujerumani, Oskar Barnack, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Leitz, alichukua ukanda wa filamu ya sinema, akaulaza ubavu ndani ya kikamera kidogo, akapata fremu ya ukubwa huo. Kamera hiyo, Leica, iliingia sokoni mwaka 1925, na wapiga picha wa siku zile, waliozoea mabamba makubwa ya kioo, waliiona kuwa ni kitu kidogo mno. Leo kile kidogo chao ndicho kamili chetu, na mtu anayeshika kamera ya kihisi kidogo anaambiwa ana kitu pungufu.

Tuje kwenye huko kuvuta karibu. Chukueni kanga. Ina pindo, ina mji, ina jina. Tuseme katikati ya mji pamechorwa korosho moja. Mtu achukue mkasi aondoe pindo zote nne. Kitambaa kilichobaki ni kidogo, na korosho sasa yaonekana imekijaza; lakini ipimeni kwa rula, ni ile ile, haikuongezeka hata unywele. Hivyo ndivyo kihisi kidogo kinavyofanya. Lenzi huchora picha ya ukubwa uleule, na kihisi kidogo huchukua mji kikaacha pindo. Hakivuti kitu. Mwanachuoni wetu Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki Cairo yapata mwaka 1040, alichunguza mwanga upitao katika tundu kuingia chumba chenye giza, na jambo hili asingehitaji kuelezwa mara mbili: ukubwa wa picha inayotua ukutani hutokana na masafa kati ya tundu na ukuta, wala haukui kwa kutundika shuka ndogo badala ya kubwa. (Na kwa kuwa nimemtaja: wako wanaosema neno kamera limetokana na Kiarabu. Kwa ninavyojua mimi ni Kilatini, maana yake chumba. Fadhila za Ibn al-Haytham ni nyingi, hazihitaji kuongezewa za kuazima.)

Hesabu yenyewe ni nyepesi, na nilimfanyia binti kwenye simu. Hondohondo wa sentimita 45, aliye umbali wa mita 45, akitazamwa kwa lenzi ya milimita 500, picha yake juu ya kihisi ni milimita 5. Milimita 5 juu ya kihisi kikubwa, milimita 5 juu ya kihisi kidogo. Kwenye kikubwa hiyo ni sehemu moja ya saba ya upana. Kwenye kidogo ni karibu moja ya tano. Ndiyo maana ukitazama katika kamera ya kihisi kidogo unamwona kana kwamba amesogea, ilhali ni ukuta tu uliosogea.

Basi kuna tofauti gani? Tofauti iko katika jinsi hizo milimita 5 zilivyofumwa. Kihisi ni kama mkeka wa vitundu vidogo mno, pikseli, na kila pikseli hutoa nukta moja ya picha. Mkeka wenye ukindu mwembamba huonyesha ua ambalo ukindu mnene hauwezi kulionyesha. Chukueni kamera tatu za Nikon ambazo lenzi yao ni moja. D750 ina kihisi kikubwa chenye megapikseli 24. Hondohondo wetu ataangukia pikseli 838 kwa urefu wake. D7500 ina kihisi kidogo chenye megapikseli 21, pungufu ya mwenziwe, lakini zimesongamana. Hondohondo ataangukia pikseli 1,185. Ukizihesabu kwa eneo, urefu kwa kimo, hiyo ndogo imempa ndege pikseli mara mbili. Kamera ya tatu ni D850, ya kihisi kikubwa chenye megapikseli 45.7, nayo itampa 1,150, karibu sawa na ile ndogo. Ukiikata picha yake ibaki eneo la kihisi kidogo utabaki na megapikseli 19 na kitu.

Hapo ndipo penye siri yote, na muuzaji angeweza kuieleza kwa dakika mbili kama angetaka. Kihisi kikubwa chenye pikseli nyingi sana hufanya kazi ya vyote viwili, kwa bei ya kumtia mwalimu kwenye deni. Kihisi kikubwa chenye pikseli za kawaida, ambacho ndicho alichokuwa akishawishiwa kukopea, kwa ndege wa mbali kinashindwa na kamera ya bei ya chini iliyowekwa rafu ya nyuma.

Najua wako wapiga picha watakaosema, "Lakini fulifremu ina picha safi zaidi gizani." Ni kweli, nami nakula kwa ukweli huo. Kihisi kikubwa kina eneo zaidi ya mara mbili ya kidogo, hivyo hukusanya mwanga zaidi ya mara mbili, na zile chembechembe zinazochafua picha ya usiku hupungua. Katika ukumbi wa kupamba, taa zimefifizwa, bibi harusi anaingia na hina yake na asumini shingoni, mimi niko hatua tatu mbele yake na fremu yangu yote imejaa yeye. Pale siuzi kihisi changu kikubwa kwa chochote. Hata hivyo, angalieni sharti lililofichika: usafi ule ni wa kihisi kilichojazwa. Hondohondo wa mita 45 hakijazi. Ukimkata kutoka katikati ya picha kubwa ili alingane na wa picha ndogo, umekata pia ule mwanga wa ziada uliokuwa pembeni, ukabaki na eneo lile lile la milimita 5 na mwanga ule ule ulioangukia hapo. Faida imekwenda na pindo.

Ili kihisi kikubwa kidumishe ubora wake kwa ndege huyu, ingebidi lenzi iwe ndefu zaidi, milimita 750 badala ya 500, na isiwe na giza zaidi. Lenzi za namna hiyo zipo. Ya milimita 600 yenye tundu la f/4 ina uzito wa kilo 3 hivi, na bei yake hushindana na gari la mtumba. Watu wa televisheni wanazo. Mwalimu anayetoka shuleni kwa miguu, na baibui lake, na madaftari ya kusahihisha mkononi, hiyo si yake.

Mwanga wa ndege huamuliwa na lenzi, na hili ndilo ninalotaka mabinti wanaoniandikia walishike hata wakisahau mengine. Pima kipenyo cha tundu lake: gawanya urefu kwa ile namba ya f. Lenzi ya 500 yenye f/5.6 ina tundu la milimita 89. Lenzi ya Canon ya 100 hadi 400, ile nyepesi ya gramu 635, ikifunguka hadi 400 inakuwa f/8, yaani tundu la milimita 50. Ya kwanza humwaga mwanga wa hondohondo zaidi ya mara tatu kuliko ya pili, kihisi kiwe chochote. Lakini ya kwanza ina kilo 2.3, na ya pili unaitia mkobani pamoja na msala. Kati ya hizo mbili siwezi kumwamulia mtu. Anaujua mwenyewe mgongo wake. Lenzi ya Sigma ya 150 hadi 600 iko katikati, chini kidogo ya kilo 2, nayo hupatikana ya mkono wa pili mara kwa mara.

Ndiyo sababu nilimwambia binti agawe fedha zake kinyume na muuzaji alivyozigawa: sehemu kubwa iende kwenye lenzi, bodi ifuate. Bodi hupitwa na wakati. Lenzi njema huolewa na bodi tatu nne na bado ikawa na nguvu zake.

Jambo moja linaweza kubadilisha mizani, nalo ni ndege arukaye. Kila Novemba na Desemba, kozi wa Amur hupita Makueni na nyika za Tsavo kwa makundi. Wametoka mashariki ya mbali ya Asia, wakapitia Bara Hindi, wakavuka bahari moja kwa moja na kaskazi mgongoni, pepo zile zile zilizotuletea majahazi, na wanaelekea kusini mwa Afrika. Kozi angani hakusubiri. Hapo ukubwa wa kihisi si hoja sana. Hoja ni kama kamera inaweza kumshika na kutomwachia. Kamera mpya zisizo na kioo, kama Canon R7 ya mwaka 2022, ambayo nayo ni ya kihisi kidogo, hutambua jicho la ndege na kulifuata zenyewe. Mwenye uwezo wa kununua mpya aanze na hizo. Binti yetu alisema kozi watasubiri mwaka mwingine. Aliyeko ndani ya mbuyu ndiye mwenye haraka.

Kuna pia hasimu ambaye hakuna kihisi kinachomweza, naye ni hewa yenyewe. Desemba iliyopita niliitikia mwaliko wa jamaa zetu wa Kitui. Mji huo una jambo lake katika historia: mmishonari Krapf, aliyekuwa akikaa Rabai hapa nyuma ya Mombasa, alifika huko kwa mwenyeji wake Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Wakamba, na tarehe 3 Desemba 1849 akauona Mlima Kenya na theluji yake kwa macho matupu. Ulaya walimbishia miaka mingi. Mimi nikajifunga kibwebwe: nikabeba bodi yangu ya kihisi kikubwa na lenzi ya 500 ya kuazima, nikapanda kilima kimoja nje ya mji baada ya alfajiri. Kutoka pale hadi mlimani ni zaidi ya kilomita 150. Siku ya kwanza nilipiga picha nzuri sana za weupe. Siku ya pili mvua ilinyesha usiku ikaosha vumbi, na kwa muda wa robo saa mlima ukajitokeza, mwembamba kama uzi wa rangi ya majivu, kisha ukarudi. Mjukuu wa mwenyeji wangu aliuona vizuri kuliko kamera.

Kwa mita 45 hewa haina ukaidi huo, lakini jua likipanda, kuanzia saa nne hivi, ardhi ya Kibwezi hutoa joto linalocheza kama maji, na manyoya ya ndege huwa kama yamechorwa kwa mkono unaotetemeka. Wengi hulaumu lenzi. Saa njema ni zile zilizo jirani na swala: baada ya alfajiri jua likichomoza mpaka saa tatu, na tena baada ya alasiri. Mwanga ni laini na hewa imetulia. Lakini mwanga huo ni haba, na ndiyo sababu nimeshikilia hoja ya tundu la lenzi mpaka mmechoka nayo.

Na mikono nayo hutetemeka. Lenzi ndefu hukuza kila kitu, pamoja na pumzi zako. Stendi ya miguu mitatu ni nzito na ghali. Nilimwambia ashone kifuko cha kitambaa kigumu, kama cha mto mdogo, akijaze pojo, ambazo Ukambani huziita ndengu na zinalimwa hapo hapo mlangoni pake. Akiweke juu ya ukuta au dirisha na kuilaza lenzi juu yake. Itatulia kama mtoto aliyenyonya. Akihitaji mchuzi wa pojo siku ya mvua, stendi pia italiwa.

Vumbi la barabara za murram huingia kila mahali, basi asibadilishe lenzi nje. Kwa kweli akishaiweka hiyo ndefu aiache hapo.

Mabinti wa kupamba nao wataniuliza, na sisi je? Ninyi kinyume chake. Ninyi mko karibu, na giza ndilo tatizo lenu. Kihisi kikubwa na lenzi fupi yenye tundu pana, ya 50 au 85 yenye f/1.8, ndiyo mali yenu. Na kadi ya picha za wanawake waliovua mabuibui haipelekwi kwa fundi wa mtaani kusafishwa. Hilo nimelisema mara nyingi katika safu hii na nitazidi kulisema.

Mwisho wa mazungumzo yetu binti alinunua D7500 ya mkono wa pili, na lenzi ya Nikon ya 200 hadi 500, nayo ya mkono wa pili. Nilikwenda naye dukani, duka jingine. Tuliiangalia lenzi dhidi ya taa kama kuna ukungu au kuvu ndani, maana vitu vilivyokaa pwani huota hata penye kioo. Tukaizungusha tusikie kama inakwaruza. Tukapiga gazeti lililobandikwa ukutani, pembe zote nne. Tukauliza bodi imepiga picha ngapi tangu itoke kiwandani. Hakukopa. Zikabaki za kumlipia mdogo wake karo ya muhula, jambo ambalo kaka yangu alilipokea kwa utulivu mkubwa kuliko habari za pikseli. Akija Mombasa kwa harusi ya binamu yake atatumia kamera yangu. Haina haja ya kununuliwa mara mbili ndani ya ukoo mmoja.

Juzi akaniletea picha ya kwanza kwa simu. Dume amejishika kwenye gome la mbuyu, mkia umebanwa kwenye mti, panzi yumo mdomoni, mguu mmoja wa panzi umening'inia. Nikaikuza mpaka nikauona ufa wa udongo, na ndani ya ufa ncha ya mdomo mweusi imetokeza kupokea.

Nilimwonyesha kaka yangu. Aliitazama sana, akavaa miwani, akaivua. "Mume namwona," akasema. "Na mke yuko wapi?"